Kadi ya grafiksi na mashine ya zamani: uongeze kadi, uchukue mashine nyingine ya mtumba, au ujenge upya?

Juzi jioni dogo mmoja wa mtaani kwetu hapa Nkuhungu kaja nyumbani kakumbatia CPU kifuani (huku kwetu boksi zima tunaliita CPU na kila mtu anaelewa) anataka nimsaidie kuchagua kadi ya grafiksi. Anashuti harusi na sendofu, siku hizi kamera yake inatoa video ya 4K na mashine inaganda hata kusogeza taimlaini tu. Keshaona kadi Kariakoo, muuzaji kamtumia picha, RX 6400 ipo kwenye boksi lake, hela iko kwenye simu na anataka airushe usiku uleule ili mzigo upande basi la asubuhi. Nkamwambia dogo tulia kwanza, hela ikishavuka Morogoro hairudi, hebu tufungue hili boksi tuone lina sloti gani, yaani tundu gani la kuchomekea kadi.

Naandika hii kwa sababu huyo si wa kwanza. Sisi wa Dodoma vitu vingi vya kompyuta tunanunua bila kuvishika, Dar ni kilomita 450 hivi, unaona picha, unatuma hela, unaenda kusubiri mzigo stendi ya Nanenane, na ukikuta kadi haiendani na mashine yako unaanza mazungumzo ya kurudisha ambayo hayaishagi vizuri. Sasa njia ziko tatu, unaongeza kadi kwenye mashine uliyonayo, unauza unachukua mtumba wa ofisi wa miaka ya karibuni, au unanunua bodi mpya (ule ubao mkuu wa mashine) na kila kitu chake. Ipi inakufaa inategemea kitu ambacho watu wengi hawakiangalii kabisa, yaani sloti yenyewe na umeme unaoilisha.

Tukailaza mashine ubavu kwenye meza ya nje, skrubu mbili, mfuniko ukateleza. Vumbi! Lile vumbi letu jekundu linaloingia hata kwenye kabati lililofungwa, lilikuwa limeshindiliwa juu ya feni ya prosesa mpaka mapezi ya hitisinki, kile chuma cha kupoza prosesa, hayaonekani. Unachukua brashi ya rangi ya inchi moja, unapitisha taratibu huku umeshikilia feni kwa kidole isizunguke. Nusu saa nzima. Baada ya hapo tukamulika na tochi ya simu tukaiona sloti ndefu moja, karibu sentimita tisa, na pembeni yake maandishi madogo meupe kwenye bodi: PCIEX16, yaani PCI Express, sloti ya kadi za siku hizi. Hapo kidogo nikapumua.

Kwa sababu tungeweza kukuta AGP, ile sloti ya zamani ya kadi za grafiksi. Bado zipo, mwaka huu nimeziona mbili, moja kwenye stesheneri na nyingine kwa mzee mmoja Chang'ombe anayechapia barua za kikundi chao. Utaitambua hivi: sloti mara nyingi ya kahawia, fupi kidogo, imekaa ndani zaidi kuliko zile sloti nyeupe za PCI zilizopangana pembeni yake, na nyingi zina kandoano ka kushikilia kadi mwishoni. AGP ililetwa na Intel mwaka 1997, ikapanda mpaka AGP 8x ya 2002 inayopitisha kama GB 2.1 kwa sekunde, halafu 2004 PCI Express ikaingia sokoni na mstari ukakatwa. Kadi ya PCI Express haiingii kwenye AGP, na ya AGP haiingii kwenye PCI Express, umbo tofauti na umeme tofauti, hata AGP zenyewe kwa zenyewe zilikuwa zinatofautiana volti ndo maana zina mikato sehemu tofauti. Kadi za mwishomwisho za AGP zilikuwa kama Radeon HD 3850 na HD 4650, na hata ukiipata leo utakuwa umeifunga kwenye prosesa ambayo haiwezi kuendesha programu yoyote ya kuediti ya siku hizi. Kwa hiyo ukikuta AGP usiweke hata shilingi. Iache ichape barua mpaka siku itakapogoma yenyewe.

Sasa kwenye PCI Express ndo kuna maneno, na hapa ndo watu wanapotea.

Toka 2004 mpaka leo umbo la ile sloti ndefu ni lilelile. Toleo la kwanza lilikuwa linapitisha kama GB 4 kwa sekunde kwa leni 16 (leni ni njia za kupitishia data kati ya kadi na mashine), la 2.0 la mwaka 2007 GB 8, la 3.0 la mwaka 2010 karibu GB 16, la 4.0 la mwaka 2017 karibu 32 na la 5.0 la 2019 karibu 64. Kadi mpya ukiichomeka kwenye sloti ya zamani inaingia na wanakubaliana kwenda kwa spidi ya aliye chini, kwa hiyo ukimsikia mtu anakwambia kadi ya 4.0 haiwezi kukaa kwenye bodi ya 3.0 huyo anakudanganya au hajui. Inakaa. Swali ni inakaa na leni ngapi.

Maana kadi zina urefu uleule wa meno lakini leni zilizounganishwa ndani hazilingani. GTX 1050 Ti ya 2016 ina leni 16. GTX 1650 ya 2019 ina leni 16. RTX 3050 ile ya GB 6 ya mwaka 2024 ina leni 8, na RX 6400 ya 2022, hiyohiyo aliyokuwa anaitaka dogo, ina leni 4 tu. Kwenye bodi ya 4.0 leni nne zinatosha, zinapitisha kama GB 8. Ipeleke kwenye bodi ya 3.0 zinabaki 4. Ipeleke kwenye bodi ya 2.0 zinabaki GB 2 kwa sekunde, yaani umenunua kadi ya 2022 umeipitishia data kwenye mlango wa kiasi kilekile cha AGP 8x ya mwaka 2002! Nilipomwonyesha dogo hiyo hesabu kwenye karatasi akaishika karatasi muda mrefu haongei.

Na inauma lini? Inauma pale kumbukumbu ya kadi inapojaa. RX 6400 nyingi zina GB 4, ukifungua mradi wa 4K wenye safu mbili tatu za video na rangi juu yake GB 4 zinaisha, kadi inaanza kukopa kwenye ramu ya mashine, na mkopo wote unapita kwenye zile leni. Kadi ya leni 16 yenye GB 4 hizohizo nayo itakopa ila mlango wake ni mpana mara nne. Halafu kuna hili la pili ambalo kwa watu wa video ni kubwa kuliko hata leni: RX 6400 haina kabisa kile kifaa cha ndani cha kukodi video (siyo kukodisha, ni kuibana iwe faili), haisaidii kutoa H.264 wala HEVC, zile njia za kubana video, kazi yote ya kutoa faili inarudi kwa prosesa. GTX 1050 Ti ya miaka sita nyuma yake inacho. Kwa mtu wa gemu nyepesi mwenye bodi ya 4.0 RX 6400 ni kadi nzuri tu, haili umeme, wati 53, na kuna ndogo zinazoingia hata kwenye kesi nyembamba. Kwa mtu wa harusi mwenye bodi ya zamani, hapana.

Tukaangalia prosesa. Hapa pana mtego ambao hata mafundi wazuri unawapita: bodi za kipindi kile cha jenereshini ya tatu ya Intel nyingi zinapokea prosesa za jenereshini ya pili na ya tatu, lakini spidi ya ile sloti ndefu inatoka kwenye prosesa, siyo kwenye bodi. Ukiwa na i5-3470 unapata 3.0, ukiwa na i5-2400 kwenye bodi hiyohiyo unapata 2.0. Ya dogo ilikuwa i5-2400. Prosesa za jenereshini ya tatu zilizotumika siyo ghali tena, na kwa mtu anayetaka kubaki na mashine yake hiyo ni hatua ndogo yenye faida, ila uhakikishe BIOS ya bodi yako (programu ya ndani inayoiwasha mashine) ni mpya ya kutosha kuitambua kabla hujanunua.

Umeme sasa. Sloti ya grafiksi kwa utaratibu wake inatoa mpaka wati 75. Kadi inayokula zaidi ya hapo inaongezewa waya kutoka pawa saplai, waya wa pini sita unaongeza wati 75 na wa pini nane wati 150. Mashine za ofisi hizi tunazoziuziana hapa mjini, zile nyembamba za kulala, nyingi zina pawa saplai ya wati 240 na hakuna waya wa ziada wa kadi. Na usiseme nitabadili pawa saplai, kwa sababu kwenye baadhi ya hizo mashine plagi ya bodi siyo ile ya kawaida ya pini 24, mfano Dell OptiPlex 9020 ina plagi yake ya pini nane, unahitaji kebo ya kugeuza, na kwenye kesi nyembamba pawa saplai ya kawaida haingii kwa umbo. Kwa hiyo kwenye mashine ya ofisi orodha yako inajikata yenyewe: kadi isiyozidi wati 75 na isiyo na tundu la waya juu. GTX 750 Ti wati 60, GTX 1050 Ti wati 75, GTX 1650 wati 75, RTX 3050 ya GB 6 wati 70. Angalia picha ya kadi upande wa juu, maana kuna kampuni zilizotoa 1050 Ti na 1650 zenye tundu la pini sita, jina moja kadi tofauti. Na kama kesi yako ni nyembamba lazima kadi iwe ya kimo cha nusu, pamoja na kile kibati chake kifupi, muulize muuzaji kibati kipo, kadi nyingi za mtumba zinakuja bila hicho na huku Dodoma kukitafuta ni kazi.

Kwa hizo nne mimi ningepanga hivi. GTX 750 Ti ya 2014 ni ya mtu mwenye hela kidogo sana na video za HD za kawaida, maana haina kifaa kamili cha kufungua HEVC na kamera na simu nyingi za sasa zinarekodi HEVC, utaiona inahema. GTX 1050 Ti ya GB 4 ndo ya katikati, inafungua na kukodi HEVC, leni 16, na kwenye mashine za jenereshini ya tatu na ya nne inakaa bila fujo. Ila ujue Nvidia wamefunga matoleo mapya ya draiva kwa familia hiyo mwezi Oktoba 2025, kinachobaki ni viraka vya usalama mpaka Oktoba 2028. Inafanya kazi, lakini programu mpya za kuediti zitaanza kuikataa kidogokidogo. GTX 1650 ina nguvu zaidi na haijafikiwa na hilo la draiva, tofauti ya bei kati yake na 1050 Ti ikiwa ndogo chukua 1650 usifikirie mara mbili. RTX 3050 ya GB 6 ni nzuri kuliko zote hizo ila kuiweka kwenye bodi ya 2.0 siwezi kukushauri, na mashine zenye BIOS ya zamani isiyo na UEFI, ule mfumo mpya wa kuwashia mashine, inaweza kugoma kabisa kuwaka na kadi mpya, feni zinazunguka skrini nyeusi. Hilo limenikuta mwenyewe, nilikaa na kadi nzima mkononi siku tatu nadhani imekufa kumbe bodi ndo haielewani nayo.

GT 1030 watu wananiuliza sana kwa sababu ni rahisi na inakula wati 30 tu. Ina leni 4, haina kifaa cha kukodi video, na mbaya zaidi kuna aina mbili zenye jina moja, ya GDDR5 na ya DDR4 iliyokuja 2018, na kumbukumbu ya ile ya DDR4 inapitisha GB 16.8 kwa sekunde wakati ya mwenzake ni 48. Kwa kuonyesha picha kwenye skrini mbili za ofisi sawa. Kwa kuediti hapana.

Njia ya pili, kubadili mashine nzima. Windows 10 ilifika mwisho wa huduma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa utaratibu wa Microsoft inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na kwa upande wa Intel prosesa kuanzia jenereshini ya nane. Kwa hiyo kila hela unayoweka kwenye jenereshini ya pili au ya tatu unaiweka kwenye mashine ambayo mlango umeshafungwa mbele yake. Mashine ya ofisi ya jenereshini ya nane, mfano yenye i5-8500, ina kori sita badala ya nne, ramu ya DDR4, sloti ya 3.0 ya leni 16, UEFI ya kueleweka, na hata kabla hujaweka kadi yoyote grafiksi yake ya ndani inafungua HEVC yenyewe. Yaani kuna watu wanakuja kutafuta kadi wakati shida yao ingeisha kwa kuhamia huku bila kadi kabisa. Kipimo changu ni hiki: jumlisha kadi, prosesa na pawa saplai unayotaka kuongeza kwenye ya zamani, halafu toa bei utakayouza ya zamani kwenye bei ya mtumba wa jenereshini ya nane. Ukiona hesabu ya kuongeza imefika hata nusu ya hiyo nyongeza, usiongeze, hama. Na ukihama chukua mnara wa wima, usichukue ile nyembamba hata kama imepungua bei, sababu nimeshazisema juu.

Njia ya tatu ni kujenga. Bodi ya H610, i3-12100, ramu ya DDR4, kesi ya kawaida, pawa saplai ya kawaida ya kampuni inayoeleweka. Ramu zako za DDR3 haziingii, hilo lijue mapema. Uzuri wake ni kwamba unapata sloti ya 4.0 ya leni 16, kwa hiyo RX 6400 ya leni 4 na RTX 3050 ya leni 8 zinarudi kwenye uzima wao, na hata Intel Arc A380 inakuwa chaguo, ina leni 8, inakodi mpaka AV1 (njia mpya zaidi ya kubana video), ila inahitaji bodi yenye Resizable BAR, yaani inayomruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja, ndo maana kwenye mashine za zamani sikuitaja. Unaweza kuanza bila kadi ukatumia grafiksi ya ndani ya prosesa, miezi sita mbele ukaongeza. Angalia tu herufi, i3-12100F haina grafiksi ya ndani, ukiinunua bila kadi utawasha mashine uone giza. Hii ndo njia ghali kuliko zote na kwa mtu anayeingiza hela kila wikiendi kwa harusi ndo ningemsukumia, kwa mwanafunzi wa UDOM anayetaka gemu mbili tatu na ripoti za chuo ningemwambia jenereshini ya nane na 1650 inamtosha mpaka amalize.

Umeme wetu unayumba, kwa hiyo njia yoyote utakayochagua tenga hela ya UPS kabla ya kadi. Kukatika ghafla katikati ya kurenda (kutoa faili la video) kumeniulia diski mbili.

Na kuhusu kununua kwa mbali. Mwaka juzi shemeji yangu alitumiwa kadi imeandikwa GTX 1050 Ti, stika safi kabisa, tukaichomeka na Windows ikaitambua kwa jina hilo. Tukafungua programu ya GPU-Z, mwanzo wa jina pameandikwa FAKE. Ilikuwa kadi ya zamani imebadilishwa programu ya ndani. Ishara tulikuwa nayo toka mwanzo hatukuijua: nyuma ilikuwa na tundu la VGA lile la bluu, na familia ya 1050 Ti haitoi VGA. Kwa hiyo sasa kabla sijatuma hela naomba video fupi, kadi ikiwa imechomekwa, GPU-Z imefunguliwa, na pale penye mstari wa Bus Interface abonyeze alama ya kuuliza aendeshe jaribio, maana mashine ikiwa imetulia namba inashuka na utadhani sloti ni mbovu. Muuzaji mkweli anakutumia ndani ya dakika kumi.

Kwa dogo nilichomeka 1050 Ti yangu kwa majaribio. GPU-Z ikaandika x16 2.0, taimlaini ikatembea, kurenda kukawa afadhali lakini prosesa ilikaa asilimia mia muda wote kadi ikiwa inamsubiri. Hapo akaelewa mwenyewe bila mimi kusema. Ile hela ya RX 6400 hajaituma, CPU yake tumeipiga picha ikiwa safi haina vumbi na tumeiweka mnadani kwenye magrupu ya hapa mjini, na Jumamosi tunaenda pamoja Majengo kuangalia mnara wa i5-8500. Nimemwambia abebe bisibisi, hatutoi hela mpaka tumeufungua.